Mheshimiwa Bragalone Awahutubia Waombolezaji Wake

Mheshimiwa Meya, ambaye angekuwa nasi hapa kama asingekuwa mahali pengine, Mheshimiwa Naibu Meya, ambaye yuko mahali hapo hapo pamoja naye, Mheshimiwa sana Padre Fulgenzio, paroko wetu, ambaye naona amekuja na joho la zambarau na maji ya baraka, ishara ya ushirikiano uliotukuka kati ya Kanisa na Halmashauri, Ndugu Mkuu wa Kituo cha Polisi pamoja na askari wake wote wawili, Ndugu wanabendi, ambao mmenipokea kwa muziki wa polepole mno, wa heshima mno, hata nikashindwa kupanda ngazi kwa mwendo wangu wa kawaida, Bi. Egle Tarantola, mpiga chapa wa mji wetu. Mama mkwe wangu mpendwa, Bi. Rosalba, uliyeketi mstari wa mbele na shela jeusi kichwani. Mabibi na mabwana, wananchi wote wa Castelfosco, wa mtaa wa juu na wa mtaa wa chini: habari za jioni.

(Mwanamke mmoja anazirai. Sauti kutoka nyuma: "Anaongea." Sauti nyingine: "Nani?" Ya kwanza: "Marehemu.")

Tafadhali mpeni hewa mama huyo, jua ni kali na furaha nayo ina uzito wake. Kwa wale wachache ambao bado hawajapata bahati ya kunifahamu, mimi ndiye Cavaliere, yaani mwenye nishani ya taifa, Daktari Ottorino Bragalone, Mjumbe wa Halmashauri anayeshughulikia Utamaduni, Makaburi na Maji Taka, mwenyekiti wa kamati sita, katibu wa ya saba, na mtu ambaye afya yake, nawahakikishia wale mnaoniangalia kwa wasiwasi, haijawahi kuwa nzuri kuliko ilivyo leo.

(Bi. Rosalba anavua shela jeusi, analikunja, analitia mkobani. Minong'ono.)

Ndugu wananchi, kabla sijaingia kwenye kiini cha hotuba hii niruhusuni niseme neno moja juu ya mahudhurio. Mwaka jana, nilipozindua bomba la mtaa wa chini, walihudhuria watu wanne, na mmoja kati yao alikuwa anasubiri basi. Leo hii, ninapotupa macho katika uwanja huu wa kanisa, naona maduka yote yamefungwa, naona wacheza karata wa baa wamevaa tai, naona kinyozi amemleta hapa mteja wake akiwa amenyolewa shavu moja, naona mashada ya maua ambayo sikuyaomba wala sikuyatengea fungu lolote, na naona, jambo lililonigusa kupita yote, wananchi wakilia kabla hata sijafungua kinywa, wakati kwa uzoefu wangu huwa mnalia kuanzia katikati. Kitaalamu hili ni ongezeko la asilimia isiyohesabika, na mimi kama mtu wa sayansi ya utawala sina budi kujiuliza chanzo chake ni nini. Chanzo chake, ndugu zangu, ni herufi.

(Sauti: "Ni bango." Sauti nyingine: "Mwache amalize, huyu hata kufa hawezi kimya kimya." Vicheko vya kuficha.)

Herufi, narudia. Ile herufi nene, nyeusi, ya jadi, yenye viatu, ambayo babu zetu waliichonga kwenye mbao za mpeasi na ambayo leo tumekusanyika kuipa hadhi yake stahiki kupitia Mradi Jumuishi wa Uhuishaji, Uhifadhi na Uendelezaji Endelevu wa Herufi Nene. Nasema yenye viatu kwa sababu za kiufundi: itazameni chini ya mguu wake, ina kisoli pale, kipana, kilichotulia, na juu ina kofia, kwa hiyo ni herufi iliyovaa kikamilifu, kinyume na hizi herufi za siku hizi zinazokuja kutoka mijini zikiwa pekupeku, hazina mbele hazina nyuma, unazisoma hadi mwisho hujui kama ni tangazo la sabuni au amri ya mahakama. Herufi nene haina mashaka hayo. Mguu wake wa kushoto ni mwembamba na wa kulia ni mnene, kama mtu aliyebeba ndoo upande mmoja, lakini haianguki. Haiinami. Herufi iliyoinama, ndugu wananchi, inataka kukukopa kitu. Herufi nene inasimama wima, inakutazama usoni, inakwambia neno moja, na neno hilo unalisikia tumboni.

(Makofi. Padre Fulgenzio anaanza kunyunyiza maji, anajizuia.)

Na matumizi yake je? Matumizi yake ni mtambuka. Duka la dawa limeandikwa kwa herufi hii, ndiyo maana hata vidonge vya kikohozi vya pale tunavimeza kwa unyenyekevu. Mahakama imeandikwa kwa herufi hii. Chupa ya siki ya Bi. Rosalba imeandikwa kwa herufi hii, na hakuna mtu katika familia yangu aliyewahi kuifungua bila ruhusa. Lakini kazi yake kuu, na hapa natoa sauti yangu rasmi, iko kwenye kuta zetu. Hapa kwetu mtu hafi daktari anaposema amekufa, wala padre anapompaka mafuta. Anakufa asubuhi ile jina lake linapobandikwa pembeni ya duka la mikate, nene, jeusi, ndani ya mpaka mweusi, na watu wakasimama na mikate yao kwapani wakasoma, wakasema masikini, wakaulizana mazishi ni saa ngapi, wakaenda nyumbani kupasi suti. Bila karatasi ile mtu hajafa. Amechelewa tu kurudi.

(Umati unatikisa vichwa kukubali. Katika mstari wa pili bibi mmoja mfupi aliyevaa vazi jeusi anasimama. Anainua mkono.)

Ahsante, mama, nakuona, maswali yatakuja mwisho. Nikaona basi, nikiwa Mjumbe wa Utamaduni na pia wa Makaburi, kwamba nguvu hii yote ya herufi inatumika kwa marehemu peke yao, ambao kwa takwimu zilizopo si wapiga kura, na kwamba umefika wakati wa kuihamishia kwa walio hai, tukianza na mimi. Nikamwagiza Bi. Egle anichapie bango la kuwaalika leo, kwa herufi zile kubwa kabisa, za urefu wa mkono, na mpaka mnene kuzunguka kote. Bi. Egle, kwa moyo wake wa ushauri, akaniambia, na nayanukuu maneno yake kama yalivyo: "Ottorino, watu wataelewa vibaya." Nikamjibu kwamba wananchi wa Castelfosco ni werevu. Akaniambia karatasi haitoshi, kati ya cheo, jina, saa na neno *atahutubia*, kimoja lazima kitoke. Nikafanya upembuzi wa kina, mambo yote yakapimwa, na uamuzi ukawa kutoa neno *atahutubia*, kwani nikajiuliza, mtu akiona jina langu, siku na saa, atadhani nimeitisha nini tena zaidi ya hotuba?

(Kicheko kinaanzia kwa kinyozi, kinapita kwa mteja wake wa shavu moja, kinafika kwa wacheza karata. Mkuu wa Kituo anageukia ukuta, mabega yanatikisika.)

Nafurahi kuona mnafurahi. Ingawa sijafika kwenye sehemu ya kuchekesha, ambayo iko ukurasa wa kumi na mbili. Hebu, askari, nisogezee shada lile, kuna utepe wenye maandishi na mimi kama mlezi wa maandishi yote ya mji huu ningependa kuwasomea. Limeandikwa, naona, kwa herufi nene. Safi sana. Linasema: "Kwa Ottorino, kutoka kwa wenzako wa karata. Pumzika, nasi tupumzike."

(Kicheko kikubwa. Mheshimiwa anasoma tena kimoyomoyo. Anatazama bendi. Anatazama joho la padre, ambalo ni la mazishi. Anatazama mkoba wa mama mkwe.)

Aa.

Naona.

Ndugu wananchi, taarifa zilizonifikia sasa hivi, kwa njia ya utepe, zinaonyesha kwamba mmekuja kunizika. Nataka nitamke wazi, mbele ya vyombo vyote husika, kwamba sichukulii jambo hili kuwa kosa. Nalichukulia kuwa tathmini. Tumetaka kupima nguvu ya herufi nene, na tumepima: mji mzima umefunga maduka kwa sababu ya jina moja lililochapwa vizuri, na ni jina langu, na wengine mmelia, mama Rosalba, nimekuona, ulilia kwa jicho moja lakini ulilia. Nani mwingine katika Halmashauri hii anaweza kusimama akasema amehudhuria mazishi yake mwenyewe na uwanja ukajaa? Meya hawezi. Meya akifa kesho hatapata hata nusu hii.

(Makofi ya kelele, miluzi. Sauti: "Kweli hiyo." Bendi inapiga kitu cha haraka, inakumbuka haijaambiwa, inaacha.)

Baada ya mafanikio hayo, nageukia sasa Jumba lenyewe. Nyuma yangu, chini ya pazia hili la bluu ambalo baadhi yenu mtalitambua kuwa ni la sebuleni kwangu, upo mlango wa Jumba la Herufi Nene, taasisi ya kwanza ya aina yake katika bonde letu lote, itakayokuwa na kumbi tano, maktaba, chumba cha utafiti, na mgahawa utakaouza maandazi yaliyokatwa kwa umbo la herufi. Na hapa kulia kwangu, juu ya meza, katika sanduku la kioo, ndiyo maonyesho yetu ya kwanza na kwa sasa ya pekee: fremu halisi ya chuma iliyochapa bango langu, pamoja na herufi zake zote kubwa za mbao, jina langu likiwa limekazwa mle ndani kwa kabari, kama lilivyotoka kwenye mashine, lisiguswe wala lisifunguliwe kwa vizazi vyote vijavyo. Kwa ambao hawawezi kulisoma kwa kuwa limegeuka, njooni na kioo.

(Bibi mfupi wa mstari wa pili yuko sasa chini ya jukwaa. Anasema jambo kwa sauti ya chini.)

Mama, nimesema maswali mwisho. Anasema, ndugu wananchi, naomba utulivu, huyu mama ambaye kwa jina ni Bi. Assuntina, mke wa Clorindo Mosco, na Clorindo wote mnamjua, ndiye yule bwana wa ndoo ya gundi na brashi ndefu, anayebandika karatasi za misiba kwenye kuta zetu tangu mimi nasoma shule ya msingi. Mama anasema anazihitaji hizo herufi. Mama, herufi zote ndogo ziko kwa Bi. Egle, hatujazigusa hata moja. Anasema anataka zile kubwa. Mama, zile kubwa ni seti moja tu, na Bi. Egle hapa anatikisa kichwa kuthibitisha, na kwa bahati nzuri ya jina langu karibu zote zimo humu ndani, zile O nne, zote nne, ninazo mimi. Sasa utaratibu ni huu: unaandika maombi, maombi yanakwenda kwenye kamati ya Jumba, kamati inaundwa, ikishaundwa inachagua mwenyekiti, ambaye ni mimi, naye anayapitia kwa jicho la huruma. Clorindo mwenyewe yuko wapi? Angekueleza taratibu hizi, ni mtu wa kazi.

(Bi. Assuntina, kwa sauti inayosikika sasa: "Clorindo amekufa jana.")

(Kicheko kinakatika. Kinyozi anavua kofia. Watu wanatazamana, kila mmoja akimwuliza mwenzake kama alijua, na hakuna aliyejua, kwa sababu hakuna aliyesoma.)

Mama. Pole, mama. Halmashauri inakupa pole. Nami nakupa pole mbali na Halmashauri. Sikuiona karatasi yake.

(Bi. Assuntina: "Hakuna karatasi. Tunamzika kesho saa nne, na mjini hakuna anayejua. Egle anasema anaweza kumchapa kwa zile ndogo, za tangazo la mbwa aliyepotea. Mimi sitaki. Amebandika watu wa miji miwili na mapadre watatu, kila mtu kwa herufi kubwa, tajiri na omba-omba sawasawa. Na yeye nataka awe mkubwa.")

Mama, nakusikia kabisa, na uchungu wako unaingia kwenye kumbukumbu. Ila naomba nawe unielewe kitaasisi. Kufungua fremu ni kulivunja jina. Nikishalivunja, Jumba lina nini ndani yake? Lina kioo. Je, hatuwezi kupata njia ya kati? Labda tumchape mume wako kwa zile ndogo, halafu mimi nihutubie kwenye mazishi, kwa sauti kubwa.

(Umati: "Hapana." Ni neno lililosemwa na watu wengi kwa pamoja, bila kelele.)

Haya, pendekezo limeondolewa.

(Bi. Assuntina anapanda jukwaani. Anaweka mkono juu ya kioo. "Ottorino mwanangu, kazi yake ya mwisho ilikuwa wewe. Jana alfajiri alikubandika mji mzima, alikutengeneza kona kwa kona, hukuwa na hata mkunjo mmoja. Akarudi, akakaa, akaniambia, 'Assuntina, Ottorino naye kafa, masikini. Hakuwa mbaya, kelele tu.' Akakusalia. Kisha akaomba kahawa, na nilipokuja na kahawa alikuwa ameshakwenda.")

(Mheshimiwa anapanga karatasi zake za hotuba. Anazipanga tena.)

Alinisalia.

Ndugu wananchi, hizi kurasa zangu ishirini na mbili naziweka chini. Nimetunukiwa medali, nimetunukiwa vyeti, nimesifiwa na watu ambao wengi wao walikuwa mimi, lakini sijawahi kusemwa vizuri hivyo. Hakuwa mbaya, kelele tu. Naomba katibu aliandike. Siku yangu ikifika, ile ya kweli, hayo ndiyo maneno ninayotaka chini ya jina, na kama karatasi haitoshi, toeni vyeo.

(Bi. Rosalba anatoa shela jeusi mkobani, anapangusa macho, safari hii yote mawili.)

Kwa hiyo, kwa mamlaka niliyopewa, na kwa mengine niliyojipa mwenyewe, natangaza kwamba maonyesho ya kwanza ya Jumba yamefungwa rasmi kuanzia sasa. Bi. Egle, panda. Leta nyundo yako. Toa kabari. Chukua O zote nne, chukua na R, chukua N, vunja kila kitu, chukua na kofia na viatu vyake, umtengeneze Clorindo Mosco ajae karatasi kutoka ukingo hadi ukingo, na mpaka uwe mnene kuliko wangu. Taratibu na hiyo herufi ya B, hamtaihitaji, mnaweza kuniachia kama ukumbusho. Au basi, ichukueni nayo.

(Bi. Egle anagonga kabari. Herufi zinalegea. Makofi yanaanza polepole, kisha uwanja wote. Mteja wa kinyozi analia kwa upande ambao haujanyolewa.)

Tumalizie na kaulimbiu zetu, maana wageni hawaondoki bila kaulimbiu. Nikisema herufi nene, mnasema juu! Herufi nene!

(Umati: "Juu!")

Iliyovaa viatu!

(Umati: "Juu!")

Clorindo!

(Umati: "Juu! Juu! Ukutani!")

Nimebakiwa na shukrani. Namshukuru Padre kwa maji yake, yatunze, kesho yana kazi. Naishukuru bendi, ule wimbo wa kwanza ndio huo huo, msibadilishe. Namshukuru mama mkwe kwa jicho la pili. Na namshukuru kwa namna ya pekee fundi rangi wetu, Nicandro, ambaye kwa siku tatu amechora mlango ulio chini ya pazia hili, pamoja na kitasa, bawaba na hata kivuli cha kitasa, kwa ustadi mkubwa kiasi kwamba Padre aliukuta jana kabla ya pazia akaugonga mara mbili akingoja kufunguliwa.

(Mheshimiwa anavuta pazia. Watu wanatazama mlango. Mkuu wa Kituo anajaribu kitasa. Anatazama kiganja chake, kimekuwa cha kijani.)

Bado mbichi, afande, nilitaka nikwambie. Ukuta huu, kama wenye kumbukumbu nzuri mnavyofahamu, ni wa ghala la vitunguu, na nyuma ya mlango kuna vitunguu. Kumbi tano hazipo. Maktaba haipo. Mgahawa nilifikiria nikiwa naoga. Nilichokuwa nacho ni jina langu na rangi ya kijani, na jina ndilo hilo mnaloliona linakwenda mtaani mikononi mwa Bi. Egle. Lakini tazameni vizuri, ndugu zangu: ukuta ni mpana, ni laini, hauna nyufa, na unaonekana kutoka kanisani, kutoka duka la mikate na kutoka baa. Ndio ukuta bora wa kubandika karatasi katika mji mzima, na Clorindo angeusifu. Mama Assuntina, ile ndoo yake na brashi ziko nyumbani? Niazime. Sijui kubandika, nitakunja kona, lakini wewe utasimama pale chini uniambie kushoto au kulia, nami kwa mara ya kwanza sitaongea.

Ahsanteni sana kwa kuja kunizika. Kesho saa nne, njooni wote tena, kama mlivyokuja leo, na maua haya msiyatupe, toeni tu utepe.